Kabla ya Kusoma Namba ya Damu, Mjue Mwenye Damu

Uwe Busasamana hapa Rwanda, kule juu kwenye mashamba ya viazi na maharagwe yanayotazama volkano, uwe mjini Gisenyi kando ya ziwa, au uwe ng'ambo ya mpaka, Goma, karibu tuzungumze.

Leo nataka tuizungumzie karatasi moja ambayo wengi wetu tumewahi kutoka nayo maabara tukaikunja na kuitia mfukoni bila kuielewa. Ni karatasi ya kipimo cha damu. Huku kwetu na Goma huandikwa NFS. Dar es Salaam hukiita FBP. Ina safu ya herufi kubwa upande wa kushoto, namba katikati, na upande wa kulia namba mbili zenye kistari, ambazo ndizo zinazoitwa kiwango cha kawaida. Namba yako ikitoka nje ya hizo mbili, mashine huweka nyota, au herufi H kwa iliyozidi na L kwa iliyopungua. Hapo ndipo moyo wa mtu hushtuka, au hutulia.

Ninalotaka kulisema leo ni hili: namba ya damu haina maana mpaka ujue ni damu ya nani. Ana umri gani? Ni mwanamume au mwanamke? Ana mimba? Anaishi kwenye mwinuko gani? Kiwango kilichochapishwa pembeni mara nyingi ni cha mtu mzima, tena mtu mzima wa nchi nyingine anayeishi karibu na usawa wa bahari. Tukikisoma kama kilivyo, kitatutisha pasipo na hatari na, baya zaidi, kitatutuliza penye hatari. Kwa watoto wetu wa milimani, hilo la pili ndilo linaloniuma.

Tuanze na kinachohesabiwa. Damu ina chembe za aina tatu. Kuna chembe nyekundu, zinazobeba oksijeni kwa kutumia hemoglobini, ile protini yenye madini ya chuma ndani yake. Kila chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha hufa na nyingine kuchukua nafasi yake. Kuna chembe nyeupe, zinazopambana na vijidudu. Na kuna chembe sahani, zile ndogo kabisa, zinazoziba jeraha ili damu isiendelee kutoka. Hizi huishi siku saba hadi kumi tu. Zote hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Kwa hiyo namba ikiwa chini kuna mambo matatu ya kuuliza: je, uboho hautengenezi vya kutosha? Je, chembe zinavunjwa kabla ya wakati? Au damu inapotea mahali fulani? Daktari mzuri, hata akiwa na mashine ya bei ghali, huanzia kwenye maswali hayo.

Sasa tuje kwenye umri. Mtoto anapozaliwa hemoglobini yake huwa juu sana, kati ya gramu 14 na 22 kwa desilita. Tumboni oksijeni ni kidogo, kwa hiyo mwili wake ulijiwekea chembe nyekundu nyingi. Akishaanza kupumua hewa, uboho hupunguza kazi, na kufikia miezi miwili hemoglobini inaweza kushuka hadi 9 au 10 bila ugonjwa wowote. Mzazi akiiona namba hiyo kwenye karatasi yenye viwango vya mtu mzima atadhani mwanawe anakwisha damu, kumbe mwili unafuata utaratibu wake. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hushuka zaidi ya hapo na huhitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Baada ya hapo hemoglobini hupanda polepole. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mwaka 2024, na nakuomba uchukue kalamu. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 anahesabiwa ana upungufu wa damu akiwa chini ya 10.5. Wa miaka 2 hadi 4, chini ya 11. Wa miaka 5 hadi 11, chini ya 11.5. Wa miaka 12 hadi 14, chini ya 12. Mwanamke mzima asiye na mimba, chini ya 12. Mwanamume mzima, chini ya 13. Mjamzito, chini ya 11 katika miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho, na chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya katikati, kwa sababu wakati huo maji ya damu yake huongezeka haraka kuliko chembe.

Chembe nyeupe nazo zina safari yake. Mtoto mchanga huweza kuwa na 9,000 hadi 30,000 kwa kila mikrolita siku ya kuzaliwa. Akifika mwaka mmoja, 6,000 hadi 17,500 bado ni sawa. Mtu mzima vitabu vingi humpa 4,000 hadi 11,000. Hata mchanganyiko wake hubadilika: kwa mtoto mdogo limfositi ndizo nyingi, na anapokaribia miaka mitano au sita nyutrofili huchukua nafasi ya kwanza na kubaki nayo ukubwani. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili mwenye limfositi asilimia 60 hana ajabu. Chembe sahani ndizo zisizobadilika sana: 150,000 hadi 450,000, utotoni hadi uzeeni. Kumsomea mtoto majibu kwa kiwango cha mtu mzima ni kumvika koti la baba yake kisha kumlaumu kwa kuwa halimkai.

Hayo ya umri yanajulikana, japo mara nyingi husahaulika. Jambo linalosahaulika kabisa huku kwetu Busasamana ni mwinuko.

Ziwa Kivu lenyewe liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Gisenyi kuelekea Busasamana unaendelea kupanda. Kadiri unavyopanda hewa huwa nyepesi, na kila pumzi inaleta oksijeni kidogo zaidi. Figo hulihisi hilo na kutoa homoni inayouamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu zaidi. Ndiyo maana mtu wa milimani mwenye afya huwa na hemoglobini ya juu kuliko mtu wa Mombasa au Tanga. Basi mtu wa milimani akionyesha namba ileile ya mtu wa pwani, huenda amepungukiwa.

Mwongozo ule wa 2024 unasema wazi: anayeishi kati ya mita 1,500 na 2,000, mwongezee gramu 1.1 kwenye kiwango. Anayeishi kati ya mita 2,000 na 2,500, mwongezee 1.4. Tupige hesabu pamoja. Chukua mtoto wa mwaka mmoja na nusu, nyumbani kwao ni juu ya mita 2,000. Amepimwa, hemoglobini ni 11.2. Kwenye karatasi hakuna nyota, kwa sababu maabara hiyo imetumia kiwango cha umri wake, 10.5, bila kuongeza mwinuko. Mama anaambiwa mtoto yuko sawa, anarudi naye nyumbani. Lakini kwa mwinuko wa kwao kiwango ni 10.5 ukijumlisha 1.4, yaani 11.9. Mtoto huyo ana upungufu wa damu. Upungufu wenyewe ni mdogo, hautamlaza hospitali. Lakini upungufu wa madini ya chuma katika umri huo hugusa ubongo unaojengwa: uwezo wa kukaza akili, wa kujifunza, wa kukumbuka. Na yaliyopotea miaka miwili ya mwanzo si rahisi kuyarudisha shuleni.

Kwa mwanamke wa mwinuko huohuo kiwango ni 13.4, si 12. Kwa mjamzito wa miezi mitano ni 11.9. Dada yangu unayelima viazi tangu alfajiri, ukihisi moyo unakwenda mbio ukipanda kilima ulichokuwa ukikipanda bila shida, na karatasi inasema 12.3, usikubali kuambiwa ni uchovu tu. Uliza.

Upungufu wa damu si jambo dogo nchini mwetu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2019 na 2020 ulikuta asilimia 37 ya watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 nchini Rwanda wana upungufu wa damu. Ni zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 ilikuwa asilimia 13.

Sasa niigeuze shilingi, maana nilisema karatasi pia hututisha bure. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliopima damu ya watu wazima wenye afya zaidi ya 2,000 Afrika Mashariki na Kusini: Kigali, Nairobi, Kilifi, Masaka, Entebbe na Zambia. Walipolinganishwa na viwango vya Marekani, wengi walionekana wagonjwa hali ni wazima. Chembe nyeupe zao zilianzia takriban 3,100 na kuishia 9,100. Chembe sahani zilianzia 126,000. Nyutrofili hasa zilikuwa chache. Sababu kubwa inajulikana: watu wengi wa kwetu wana umbo la jeni liitwalo Duffy lililowakinga mababu zetu dhidi ya aina moja ya malaria, na umbo hilo huambatana na nyutrofili chache katika damu ya mishipani. Uwezo wa kupambana na vijidudu hawakupungukiwa. Kwa hiyo kijana mzima, hana homa, hana vidonda vya mdomoni visivyopona, chembe nyeupe 3,400 na herufi L pembeni, asikimbilie kununua dawa za kuongeza kinga. Apime tena baada ya wiki chache. Namba ikikaa palepale na mwili uko vizuri, huenda hiyo ndiyo hali yake ya kuzaliwa.

Lakini utafiti huohuo unatupa onyo. Kwa wanawake kiwango cha chini cha hemoglobini kilishuka hadi 9.5. Je, tuseme basi 9.5 ni kawaida ya mwanamke wa Afrika? Hasha. Maana yake ni kwamba miongoni mwa wanawake walioonekana wazima, wengi walikuwa wanafanya kazi, wanalea na kubeba mizigo huku damu yao ni pungufu. Jambo likiwa la wengi haliwi jema kwa sababu hiyo. Tusiuzoee ugonjwa kiasi cha kuuita afya.

Tuzungumzie sasa sababu, kwa ufupi pale inapowezekana na kwa urefu pale zinapotugusa.

Hemoglobini ikishuka na chembe nyekundu zikiwa ndogo, ile namba iitwayo MCV ikawa chini ya 80 kwa mtu mzima, mshukiwa wa kwanza ni upungufu wa madini ya chuma. Unatoka wapi? Kwa mtoto, ni uji mtupu bila mboga wala maharagwe baada ya miezi sita. Kwa mwanamke, ni hedhi nyingi na mimba zinazofuatana. Kwa wote, ni minyoo ya safura, inayoingia kwa miguu isiyo na viatu na kunyonya damu utumboni siku hadi siku. Kwa mzee, hasa mwanamume, kushuka kwa chuma ni lazima kuchunguzwe, maana huenda kidonda au uvimbe wa tumbo unavuja kimyakimya. Na mama mjamzito anayetamani kula udongo, asichekwe wala asifichwe. Tamaa hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa chuma, na udongo nao huzuia chuma kufyonzwa.

Chembe nyekundu zikiwa kubwa kuliko kawaida, tunafikiria upungufu wa foliki asidi au vitamini B12, pombe nyingi, au baadhi ya dawa. Zikiwa za ukubwa wa kawaida lakini chache, huenda kuna maradhi ya muda mrefu: kifua kikuu, virusi vya UKIMWI visivyotibiwa, figo.

Malaria huvunja chembe nyekundu na kushusha chembe sahani. Milimani ni chache kuliko mabondeni, lakini watu wa Busasamana husafiri, huuza, huvuka mpaka, na malaria husafiri nao. Mtu mwenye homa na chembe sahani chini apimwe malaria siku hiyohiyo. Tena tukumbuke mwaka 2024. Ugonjwa wa Marburg uliotangazwa nchini mwezi wa Septemba uliwapata watu 66, 15 wakafariki, kabla ya kutangazwa kwisha mwezi wa Desemba. Homa kali pamoja na damu kutoka puani, kwenye fizi au chini ya ngozi haisubiri kesho.

Mtoto ambaye damu yake hushuka mara kwa mara hadi 7 au 8, macho yanakuwa ya manjano, vidole vinavimba na kuuma, apimwe selimundu. Mtoto huyu hatibiwi kwa vidonge vya chuma tu. Vikitolewa bila kupima, vinaweza hata kumzidishia chuma aliyekwisha kuongezewa damu mara nyingi.

Chembe nyeupe zikipanda, mara nyingi ni maambukizi ya bakteria. Aina iitwayo esinofili ikipanda, tunafikiria minyoo, pumu au mzio. Zikipanda mno, makumi ya maelfu hata laki, huku hemoglobini na chembe sahani zikishuka, lazima ifikiriwe saratani ya damu. Neno hilo linatisha, lakini tangu mwaka 2012 kuna kituo cha saratani Butaro, wilayani Burera, na wapo wanaotibiwa huko. Kuchelewa kunaua wengi ambao dawa ingewaokoa. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Na wakati mwingine, msikilizaji, tatizo liko kwenye mrija. Damu ya kipimo hiki huwekwa katika mrija mdogo wenye kifuniko cha zambarau, wenye dawa ya kuzuia isigande. Mpimaji anatakiwa augeuze taratibu, juu chini, mara nane hadi kumi, mara tu baada ya kuchota. Sasa mfikirie mtoto anayelia na kurusha mikono, damu inadondoka tone kwa tone. Kidonge kidogo cha damu iliyoganda, hata kisichoonekana vizuri, kinatosha kuzikamata chembe sahani, na mashine ikahesabu 40,000 badala ya 240,000. Ndiyo maana namba ya kushangaza kwa mtu asiye na dalili hurudiwa kwanza, na mpimaji huitazama damu kwa darubini kwenye kioo. Angalia pia kizio kilichotumika: 119 iliyoandikwa kwa gramu kwa lita ndiyo 11.9 kwa gramu kwa desilita. Anayepimwa leo Goma na kesho Gisenyi anaweza kudhani damu yake imeporomoka, kumbe ni uandishi tu.

Basi tufanye nini? Kwanza, nunua daftari, bandika humo kila karatasi ya damu ya kila mtu nyumbani, na tarehe. Namba moja ni picha ya siku moja. Namba tatu za miaka mitatu zinasimulia. Mtu aliyeshuka kutoka 15 hadi 13.5 ana jambo, hata kama hakuna nyota.

Pili, ukiwa mbele ya daktari au muuguzi wa kituo cha afya, uliza maswali matatu kwa heshima na bila woga. Kiwango hiki ni cha umri wa mtoto wangu? Kimehesabiwa kwa mwinuko wa huku kwetu? Na kama damu imepungua, imepungua kwa sababu gani? Kuongeza damu bila kutafuta inakotokea shida ni kumrudisha mgonjwa baada ya miezi mitatu akiwa palepale.

Tatu, chakula. Maharagwe tunayo, na hapa nchini kuna mbegu za maharagwe yenye chuma zaidi zilizoanza kutolewa mwaka 2010. Huko Huye, wasichana 195 wa chuo kikuu wenye chuma kidogo walilishwa maharagwe kwa siku 128. Waliokula yale yenye chuma zaidi, damu yao iliongezeka kuliko waliokula ya kawaida. Ni maharagwe tu, katika sahani ileile. Ongeza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, dodo, yaani mchicha, na pera au chungwa, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai iache isubiri. Ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma. Aliyepewa vidonge vya chuma asishtuke choo kikiwa cheusi, na asiviache siku anapojisikia nafuu. Akiba ya mwili hujazwa kwa miezi.

Nne, tumieni kilichopo. Dawa za minyoo kwa watoto hutolewa bure katika wiki ya afya ya mama na mtoto. Umujyanama w'ubuzima, mhudumu wa afya wa kijijini kwenu, anajua tarehe. Mama anayejifungua amwombe mkunga asikate kitovu haraka, asubiri dakika moja hadi tatu. Damu inayoingia kwa mtoto katika dakika hizo humwekea chuma cha miezi ya mwanzo.

Na kwenu wakubwa wa maabara na hospitali, nina ombi moja. Badilisheni viwango vinavyochapishwa pembeni mwa karatasi. Wekeni vya umri, na mwongeze mwinuko. Mashine za kisasa zinaruhusu kuandika viwango vyenu wenyewe, na kazi hiyo haihitaji jengo jipya wala mfadhili. Mtoto wa Busasamana mwenye 11.2 apate nyota yake mapema, atibiwe mapema, na akiingia darasa la kwanza aingie na akili yake yote.